Kilo Ngapi, Kwa Muda Gani?

Asanteni sana, kaeni tu, kaeni. Naomba nianzie kwenye mguu wangu wa kushoto, kwa sababu huu mguu ndio ulionifanya leo nisimame hapa mbele yenu.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa, nimekaa kwenye kiti nimekunja nne, naandika mambo yangu, nikakaa hivyo labda lisaa limoja na nusu. Nikainuka niende kufungua mlango, hatua ya kwanza tu nikasikia kiatu kinakwaruza sakafu. Nikajua ganzi, ile ya kukalia mguu vibaya, nikautikisa nikasubiri. Ganzi haiishi. Nautazama unyayo, nauambia inuka, hauinuki. Kisigino kinatua, halafu mbele kunaanguka wenyewe, pa, kila hatua pa, na nisipouinua mguu mzima juu kama mtu anayevuka dimbwi najikwaa kwenye vidole vyangu mwenyewe. Nikarudi kukaa nikaanza kulia.

Wa nyumbani wakajua kiharusi. Nikakimbizwa hospitali, nikaangaliwa uso, nikaambiwa inua mikono, nikaambiwa ongea, nikaongea, presha ikapimwa, sukari ikapimwa, vyote vizuri, tena vizuri kuliko miaka yote ya nyuma. Kwenye faili ikaandikwa uzito kilo 67. Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri. Hiyo 67 ilikaa pale kwenye faili ikiwa imetulia kabisa, mtu mzima wa urefu wangu mwenye kilo 67 hana shida yoyote. Hakuna aliyejua kwamba kama miezi mitano nyuma nilikuwa na kilo 98. Hakuna aliyeuliza na mimi sikusema, kwa sababu kichwani kwangu kupungua ndiyo ilikuwa habari njema pekee ya mwaka ule, na mtu haendi kwa daktari kusimulia habari njema, anaenda kusimulia kinachomuuma.

Nikapewa karatasi niende kwa watu wa fiziotherapia. Nikapokelewa na binti mdogo tu, mpole, akaniambia dada legeza mkanda nikuangalie kiuno na mgongo. Nikalegeza. Akaushika ule mkanda akaugeuza, akawa anauangalia. Ulikuwa na matundu matano ambayo hayakuwepo wakati naununua, nimeyatoboa mwenyewe kwa msumari wa moto, moja moja, kila nikiona suruali inashuka natoboa lingine, mengine yamekaa upande, kingo zimeungua zimekuwa nyeusi. Akayahesabu kwa kidole. Akaniuliza, dada, umepungua kilo ngapi, kwa muda gani?

Jamani. Nilikuwa nimeshaonana na madaktari watatu tofauti kwa matatizo matatu tofauti, na hilo swali ndio nalisikia kwa mara ya kwanza.

Nikamwambia kilo 31, kama miezi mitano hivi. Akavuta kiti akakaa, akanishika hapa, chini ya goti kwa upande wa nje, na nyie jishikeni hapo mlipokaa, mtasikia kuna kinundu cha mfupa. Nyuma ya hicho kinundu unapita mshipa wa fahamu unaoinua unyayo, unazunguka pale juu juu kabisa, juu yake kuna ngozi na mafuta kidogo basi. Mafuta yale ndiyo godoro lake. Ukipungua kwa kasi godoro linaondoka, halafu wewe kwa vile umekuwa mwembamba sasa unaweza kukunja nne kitu ambacho zamani mapaja yalikuwa hayakuruhusu, unakunja masaa, mfupa wa goti la pili unaukandamiza ule mshipa mpaka unazimia. Akaniambia hii kitu madaktari wa mishipa ya fahamu wanaijua siku nyingi, huwapata waliopungua haraka, waliolala kitandani muda mrefu, mabondia na wengine wanaokata uzito. Kwa wengi inarudi, wiki kadhaa au miezi kadhaa, ukiacha kukunja nne na ukifanya mazoezi ya kuuinua, na wakati unasubiri unavaa kifaa cha kushikilia unyayo usikwae ukavunjika. Wangu ulichukua miezi minne. Mpaka leo nikichoka sana jioni, kiatu cha kushoto kinakwaruza kidogo.

Halafu akaniuliza swali la pili, kuna kingine? Nikamwambia hapana. Akaniambia fikiria, kuna kingine tangu uanze kupungua? Ndipo vikaanza kutoka kimoja kimoja.

Nywele zilianza kama mwezi wa nne tangu nianze kujinyima. Nachana, kitana kinajaa. Naoga, zinaziba tundu la maji. Asubuhi mto una nywele. Nilibadilisha mafuta, nikabadilisha sabuni, nikaacha kusuka, nikanunua dawa za kupaka ambazo sitaki hata kuzikumbuka. Nilidhani tatizo limeanza ile wiki nilipoona kitana, kumbe lilianza miezi mitatu kabla. Unywele una misimu yake, kuna msimu wa kukua na kuna msimu wa kupumzika, kwa kawaida sehemu ndogo tu ya nywele za kichwani ndizo zimepumzika, na kila siku zinaanguka labda 50 mpaka 100 bila mtu kugundua. Mwili ukipata mshtuko mkubwa, homa kali, kujifungua, upasuaji, au njaa kama ile niliyojipa mimi, unaziambia nywele nyingi kwa mpigo zikapumzike, chakula hakitoshi, cha kwanza kukatiwa ni nywele. Zinapumzika miezi miwili mitatu, ndipo zinaachia zote pamoja. Kwa hiyo unapoziona kwenye kitana unatafuta kosa la juzi, wakati kosa ni la msimu uliopita. Habari ya kutuliza moyo ni kwamba mizizi haijafa, mwili ukishalishwa vizuri zinaota tena, ila ni taratibu, nusu mwaka na zaidi, na kama madini ya chuma yamepungua mwilini lazima yapimwe yarudishwe la sivyo zinasuasua.

Halafu tumbo. Mwezi wa tano nilipata maumivu usiku, hapa juu kulia chini ya mbavu, yanapanda mpaka bega la kulia nyuma, nimejikunja sakafuni, natapika, nikawa natafuta mkao sipati, baada ya masaa matatu yakaisha kama yamezimwa swichi. Nikaenda hospitali, nikaambiwa vidonda vya tumbo, nikapewa vidonge wiki sita. Yakarudi mara mbili. Yule binti wa fizio ndiye aliyeniambia rudi, usiondoke mpaka wakupige ultrasaundi ya nyongo, na waambie kilo 31 kwa miezi mitano. Nikarudi, nikawaambia hivyo hivyo kama nilivyofundishwa, na yule mpigaji alipoweka tu kile kifaa akanigeuzia skrini, vijiwe vidogo vidogo vimejaa kwenye kifuko cha nyongo kama mbegu.

Niwaelezeni inavyokuwa kwa sababu hili ndilo linalowapata wengi kuliko mguu wangu. Unapochoma mafuta ya mwili kwa kasi, ini linapokea kolesteroli nyingi kuliko kawaida na linaimwagia kwenye nyongo. Wakati huo huo wewe huli mafuta, au huli kabisa, na kifuko cha nyongo kazi yake ni kujikamua pale chakula chenye mafuta kinapoingia. Kisipojikamua nyongo inalala humo ndani, nzito, imejaa kolesteroli, inaanza kuganda chembe chembe, na chembe zinakuwa mawe. Hatari inapanda sana mtu akivuka kilo moja na nusu kwa wiki, na kilo 31 kwa miezi mitano pigeni hesabu wenyewe, ziko hapo hapo. Wanaofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula ili wapungue uzito wengi hupewa dawa ya kuzuia mawe hayo kwa miezi sita ya mwanzo, kwa sababu inajulikana yatakuja. Sisi tunaojifungia ndani na kujinyima wenyewe hakuna anayetupa. Mimi kifuko kilitolewa. Kuna ambao jiwe linashuka linaziba njia, macho yanageuka manjano, homa na kutetemeka, au kongosho linawaka, hiyo haisubiri kesho, ni kwenda hospitali usiku huo huo.

Sasa mnaona, nywele mwezi wa nne, tumbo mwezi wa tano, mguu mwezi wa sita. Mtu wa ngozi aliona nywele, mtu wa tumbo aliona tumbo, wa mishipa aliona mguu. Kila mmoja alifanya kazi yake na simlaumu yeyote, ila hakuna aliyekuwa na ule uzi unaounganisha, na uzi ulikuwa kwangu mimi kiunoni.

Tangu wakati ule nimekuwa nikiongea na watu, na kila nikisimulia anatokea mtu na la kwake. Kaka mmoja aliniambia alikuwa anajisikia akiongea ndani ya sikio lake, sauti yake mwenyewe inamlipukia kichwani kama anaongelea kwenye pipa, anasikia na pumzi zake zinaingia zinatoka, akitafuna ni kelele. Alipewa dawa za matone, akapewa antibayotiki mara tatu, akaanza kuogopa kwamba anapata wazimu, akaacha kuongea kazini. Kitu kimoja tu aligundua, akilala chali au akiinamisha kichwa katikati ya magoti inapotea. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yenyewe! Kuna mrija kutoka sikioni kwenda nyuma ya pua, kawaida umefunga, unafunguka kidogo ukimeza au ukipiga mwayo, na mafuta yaliyouzunguka ndiyo yanayousaidia kufunga. Mafuta yakiisha unabaki wazi, sauti inapanda kutokea ndani. Ukilala damu inajaa kwenye mishipa ya pale, mrija unabanwa, unapata nafuu. Aliteseka miezi tisa kwa kitu ambacho daktari wa masikio akishaambiwa nimepungua kilo 20 anakiwaza papo hapo.

Hata ndani ya tumbo ipo hiyo. Kuna mto wa mafuta unaotenganisha mshipa mkubwa wa damu na utumbo wa mwanzo, ukiyeyuka mshipa unaweza kuubana utumbo, mtu anakula kidogo anashiba anatapika, anazidi kukonda, na kadiri anavyokonda ndivyo unavyobanwa zaidi. Ni nadra, lakini walionayo mara nyingi huambiwa wana mawazo tu.

Sisi tumezoea kuyaona mafuta kama uchafu, kitu cha kutoa. Mimi pia niliyaona hivyo. Mafuta yana kazi. Yanalinda mishipa, yanashikilia viungo mahali pake, yanatoa homoni ya kuambia ubongo kwamba akiba ipo.

Na hapo ndipo kwenye kile ambacho kinakaa muda mrefu kuliko vyote. Baridi na njaa.

Mwaka 1944 huko Marekani, Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys alichukua vijana wa kiume 36, wazima wa afya, waliokubali wenyewe, akawalisha kidogo kwa wiki 24. Lengo lilikuwa kujua jinsi ya kuwarudisha watu waliokuwa na njaa kwenye vita. Chakula chao kilikuwa kama kalori 1,600 kwa siku, na walitakiwa watembee. Nataka mlifikirie hilo kwa sababu kuna dayati zinazotembea kwenye simu zetu sasa hivi za kalori 800, za 500, na watu wanazishika bila daktari yeyote kujua. Wale vijana walipoteza karibu robo ya uzito wao. Mapigo ya moyo yakapoa, wakawa wanajifunika wakati wa joto, nywele zikapungua, hamu ya ndoa ikaisha, wakawa wakali, wengine wakazama kwenye huzuni, na akili yote ikahamia kwenye chakula, wanasoma vitabu vya mapishi, wanalamba sahani. Na walipoanza kulishwa tena haikuisha. Kuna waliokula mpaka tumbo linauma na bado wanasema wana njaa, na iliendelea miezi.

Nilipolisoma hilo nililia kwa mara ya pili, kwa sababu nilikuwa nimeshajiita mlafi. Nilipofika 67 nilikuwa naamka saa nane usiku nimesimama jikoni, na mchana navaa sweta mbili wakati wenzangu wanajipepea.

Kuna utafiti mwingine, huu ulitoka mwaka 2016, wa mtafiti Kevin Hall na wenzake. Walifuatilia watu 14 walioshiriki shindano la televisheni la kupungua, wale ambao kwa miezi saba walipungua wastani wa kilo 58 mbele ya kamera huku watu wakishangilia. Miaka sita baadaye walikuwa wamerudisha wastani wa kilo 41, na miili yao wakiwa wamepumzika tu ilikuwa inachoma kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko inavyotarajiwa kwa mtu wa umbo lao. Miaka sita jamani! Na mwaka 2011 watafiti wa Australia waliwapima watu waliofanya dayati kali ya wiki kumi, wakaja kuwapima tena mwaka mmoja baadaye, homoni za njaa bado zilikuwa juu na za shibe bado ziko chini. Kwa hiyo yule ndugu yako aliyepungua akarudia, mnayemcheka kwenye sherehe kwamba kashindwa kujizuia, yule anapigana na mwili ambao umeandika kumbukumbu ya njaa na hautaki irudi. Mwacheni. Hajalegea.

Kuna mambo mengine hayasubiri miezi, na haya nitayapitia haraka lakini msiyachukulie haraka. Moyo unatumia potasiamu na magnesiamu na fosfeti ili upige sawasawa. Miaka ya 1970 kule Marekani kulikuwa na vinywaji vya protini vya kupungulia, watu wakawa wanaishi kwa hivyo tu, makumi wakafa, wengine mioyo ilisimama ghafla na hawakuwa na ugonjwa wa moyo uliojulikana kabla. Pia mtu aliyekaa na njaa muda mrefu akiamua ghafla kula sana, hasa vya wanga, damu inaweza kuishiwa fosfeti na potasiamu kwa siku chache na akazidiwa, hilo madaktari walilijifunza kwa uchungu baada ya vita vya pili vya dunia, kwa wafungwa waliofunguliwa wakalishwa. Kwa hiyo hata kurudi kula kuna namna yake.

Vitamini B1 hii naisema kwa herufi kubwa. Mwili unaweka akiba ya wiki mbili tatu tu. Mtu aliyefanyiwa ule upasuaji wa kupunguza tumbo na anatapika kila siku, au anayejinyima kabisa, akianza kuchanganyikiwa, macho yanacheza au anaona viwili, anayumba kama mlevi, huyo si wa kulala apumzike, ni wa hospitali saa hiyo hiyo, na mwambieni daktari hajala wiki ngapi, kwa sababu akiwekewa dripu ya glukosi bila kutanguliziwa B1 anaweza kuharibika zaidi, na ikichelewa kumbukumbu haitarudi yote. B12 yenyewe ni kinyume, akiba yake iko kwenye ini na inakaa miaka, ndiyo maana aliyefanyiwa upasuaji anaweza kuwa mzima miaka mitatu, akaacha vidonge vyake akisema nimeshapona, halafu miguu inaanza kuwaka na kufa ganzi. Vile vidonge baada ya upasuaji wa kuruka sehemu ya utumbo ni vya maisha, havina siku ya kuhitimu.

Wanaotumia dawa za presha na za sukari. Mlipewa dozi ya mwili ule mkubwa. Mwili ukipungua dozi inakuwa kubwa, unasimama kutoka kitandani unaona giza unaanguka, au insulini inashusha sukari unazimia. Hapo usiache dawa kimya kimya, unarudi kwa aliyekupa mnapunguza pamoja. Na wenye jongo, kujinyima ghafla kunapandisha asidi ya yuriki, kidole gumba cha mguu kinavimba wiki ile ile unayojipongeza.

Mabinti zangu na dada zangu, hedhi ikikata kwa miezi mitatu usishukuru kwamba umepumzika. Mwili umezima kiwanda kwa sababu hauna akiba, na homoni hiyo hiyo iliyozimwa ndiyo inayolinda mifupa. Na waliofanyiwa upasuaji jueni upande wa pili, waliokuwa hawashiki mimba wanaweza kushika ghafla, wakati ushauri ni kusubiri mwaka mmoja mpaka mmoja na nusu, na vidonge vya kupanga uzazi vinaweza visifanye kazi sawasawa, kwa hiyo ulizeni njia nyingine mapema.

Wazee wangu mlioko hapa mbele, shikamooni tena. Ninyi mnapopungua haraka hamtoi mafuta peke yake, mnatoa na nyama ya mwili, na nyama hiyo kwa umri wenu kurudi ni kazi. Mizani haitofautishi. Inasema kilo tano zimetoka, haisemi mbili ni za mapaja yanayokuinua kwenye kiti. Jipimeni kwa kiti, kaa, kunja mikono kifuani, inuka bila kushika. Kama mwezi uliopita uliweza na mwezi huu huwezi, hiyo namba nzuri ya mizani imekugharimu. Protini ya kutosha kila mlo na mazoezi ya kubeba na kusukuma, hata chupa za maji, ndivyo vinavyobakisha nyama.

Nimeulizwa mara nyingi, kwa hiyo unatuambia tusipungue? Hapana, na naomba asitoke mtu hapa akaninukuu hivyo. Mtu mwenye uzito mkubwa akipunguza hata asilimia 5 mpaka 10 presha inashuka, sukari inashuka, magoti yanapumua. Na hata haraka inawezekana ikiwa na usimamizi. Uingereza utafiti mmoja uliotoka mwaka 2017 uliwapa watu wa kisukari aina ya pili mpango wa kalori kama 850 kwa siku kwa miezi mitatu mpaka mitano, chini ya wahudumu wa afya, dawa zao za presha na sukari zikiangaliwa, kisha wakarudishwa kwenye chakula hatua kwa hatua, na baada ya mwaka karibu nusu yao sukari ilikuwa imeshuka chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Walikuwa na watu wanaowatazama. Mimi nilikuwa na msumari wa moto. Kwa anayeenda peke yake, nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki, mafuta kidogo kwenye chakula yasikose, na ukitumia hizi sindano mpya za kupunguza hamu ya kula uwe na mtu anayekupima, kwa sababu mawe ya nyongo na kupoteza nyama vinawahusu na nyie pia, na ukija kupewa nusu kaputi mwambie daktari unatumia, tumbo lako linachelewa kumwaga chakula.

Na aliyepungua bila kutaka, asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 mpaka 12 hujafanya chochote, wewe usikubali pongezi ya mtu, nenda ukapimwe.

Pongezi. Nimeifikiria sana hii. Miezi ile yote mitano hakuna siku iliyopita bila mtu kuniambia umependeza, umekuwa binti, tupe siri. Nilikuwa nakusanya nywele zangu bafuni nazifunga kwenye karatasi ili mtu asizione, natoka nje naambiwa umependeza. Ningesemaje kwamba naumwa? Ningeonekana sina shukrani. Kwa hiyo ninachowaomba, ukimwona mtu amepungua sana kwa muda mfupi, badala ya kumuuliza siri muulize unaendeleaje, unalala, unasikia baridi, halafu nyamaza umsikilize, usimalizie kwa umependeza.

Yule binti wa fizio sijui leo yuko wapi, alihamishwa kabla sijamaliza mazoezi. Ule mkanda bado ninao, nimeuleta, nitauzungusha muuone.

Pale mezani mlangoni kuna vikaratasi nimekata, vina mistari mitatu tu. Wa kwanza uzito wako wa juu na mwezi uliokuwa nao. Wa pili uzito wa leo na tarehe. Wa tatu ulipunguaje, dayati, upasuaji, sindano, ugonjwa, au sijui. Kijaze, kikunje, kitie kwenye cheti chako cha kliniki, na siku ukienda kwa daktari yeyote, hata wa meno, kwa shida yoyote ndani ya miaka miwili hii, mpe hicho kabla hujasema kinachokuuma. Kalamu ziko mbili, mtapeana. Dada wa nyuma pale umeinua mkono tangu nilipotaja sikio, njoo uchukue maikrofoni.